Chumba cha Fundi na Shemeji

Tuelewane mapema: mimi ndiye shemeji. Dada yangu wa tumbo moja ameolewa na Fundi, kwa hiyo Fundi ni shemeji yangu na mimi ni shemeji yake, na hilo halina mjadala. Huyo mwingine mwenye mkia, anayejulikana kwenye gesti za miji yote ya huku kuliko ninavyojulikana mimi kwenye mtaa wangu, alilichukua jina akiwa bado mdogo na hadi leo hajalirudisha.

Ilikuwa hivi. Nilipopata kazi mjini nilikaa kwa dada kwa muda, na wakati huohuo mshona nguo mmoja akampa Fundi mtoto wa mbwa kama asante ya kumfufulia cherehani. Nyumba ile ilikuwa na neno moja lililoitwa kwa kelele kutwa nzima. Fundi akitaka koleo, anaita shemeji. Mimi nikitaka kujua kama chakula kimeiva, naita shemeji. Mtoto wa mbwa akasikiliza, akapiga hesabu zake, akaamua kwamba neno lile maana yake ni njoo kuna kitu cha kula. Tulijaribu kumwita Jasiri. Tukajaribu Simba. Dada alijaribu Popo, sijui alikuwa anawaza nini. Mbwa alitutazama tu, wala sikio halikutikisika. Lakini mtu akisema shemeji, hata kwa kunong'ona, hata kwenye simu, anakuja mbio mpaka anateleza sakafuni.

Fundi hatengenezi kitu kingine chochote isipokuwa cherehani. Bomba likivuja kwake anaita fundi bomba, tena anamkalia pembeni kumwuliza maswali. Lakini akipita mtaani akasikia cherehani inalalamika, atasimama mlangoni kwa watu asiowajua na kuwaambia mkanda wao umelegea. Washona nguo wa miji midogo hawawezi kubeba mashine za chuma kumfuata, kwa hiyo anawafuata yeye. Anapakia kwenye pikapu yake kuukuu sanduku la bisibisi, chupa za mafuta, mikanda, bobini na sindano za kila saizi, anaondoka, na anarudi siku kazi inapoisha. Kazi yenyewe anaifanya akiwa amelala chali chini ya meza ya cherehani, unaona miguu tu. Pembeni yake, naye chali, anakuwa amelala Shemeji.

Kwa nini anasafiri na mbwa? Yeye atakwambia ni kwa sababu ya kiatu. Dada yangu ni muuguzi, ana viatu vyake vyeupe vya kazi, na mbwa alipoachwa nyumbani mara ya kwanza alilia asubuhi nzima, akatafuna kona ya mlango, kisha akatafuna kiatu kimoja cha dada na kuacha cha pili kizima ili kimuume roho zaidi. Dada akamwambia mumewe achague, mbwa au mke. Fundi alifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mwanamume aliyeoa, halafu akasema atakuwa anasafiri naye.

Sababu ya kweli dada aliniambia mimi. Fundi hawezi kulala peke yake kwenye chumba kigeni. Alikulia kwenye nyumba ya watoto wengi, chumba kimoja, mikeka imebanana, na tangu azaliwe hajawahi kupata usingizi bila kusikia mtu mwingine anapumua. Mtu mzima, kipara kinang'aa, mikono migumu kama jiwe la kunolea visu, anaogopa kabati la gesti. Nilicheka nilipoambiwa, kisha nikamhurumia, kisha nikacheka tena.

Na kuna jambo jingine lazima mlijue, maana ndilo lililotaka kunimaliza. Fundi hasemi uongo. Si kwamba anajizuia, hajui tu unavyosemwa. Ukimwuliza swali atalijibu lote, mpaka mizizi yake, bila kuongeza wala kupunguza. Na kama kuna kitu hukuuliza, hilo ni lako, yeye halimhusu.

Ndiyo maana akipiga simu kutafuta chumba, mazungumzo yanakuwa ya namna hii. Nimeyasikia kwa masikio yangu.

"Nataka chumba, dada. Tuko wawili, mimi na Shemeji."

"Nikuwekee vitanda viwili?"

"Kimoja kinatosha. Yeye hulala chini."

"Chini? Jamani, kwa nini?"

"Amezoea. Ukimpandisha kitandani anajikuna tu."

Dada wa mapokezi anamhurumia huyo shemeji wa watu, anatafuta na kigodoro cha ziada, anakitandika vizuri pembeni ya ukuta. Jioni Fundi anaingia na mbwa, na yule dada anabaki ameshika shuka mkononi akitazama mlangoni, akimsubiri mtu wa pili.

Hapo huanza kesi. Wenye gesti wanasema mbwa haruhusiwi, na Fundi anavaa miwani, anauendea ubao wa kanuni uliopigiliwa ukutani, anausoma kwa sauti huku kidole kikifuata mstari kwa mstari. Usipike chumbani. Usifue chumbani. Ni marufuku kupiga pasi juu ya kitanda. Wageni wa usiku hawaruhusiwi. Uongozi hautahusika na mali itakayopotea. Anavua miwani na kusema kwa upole kabisa, "Mbwa sijamwona." Na kweli, hakuna ubao uliomtaja mbwa, kwa sababu kabla ya Fundi hakuna mtu aliyewahi kufikiria jambo hilo.

Safari inayofuata wanakuwa wamejihami. Kwenye gesti moja mwenyewe alichukua kalamu ya wino mzito akaongeza maneno mawili, ila nafasi chini ya ubao ilikuwa imekwisha, akayabana pale alipopata upenyo. Sasa kanuni ikasomeka: ni marufuku kupiga pasi juu ya kitanda na mbwa. Fundi aliisoma mara mbili. Akasema yeye hana pasi, na mbwa wake hajawahi kuishika, akapewa ufunguo.

Mbwa mwenyewe gesti anazipenda kupita kiasi. Anapenda mashuka yanayonuka sabuni, anapenda feni, anapenda yai la asubuhi. Zaidi ya yote anapenda kandambili. Mnazijua zile kandambili za gesti, zilizokatwa kipande cha mbele na kuandikwa namba ya chumba kwa wino, ili mtu asishawishike kuondoka nazo? Shemeji anashawishika. Anaifukia moja kwenye sanduku la bisibisi wakati Fundi anaoga, na Fundi anaikuta mji wa pili. Kwa kuwa ni mtu mwaminifu, hawezi kuitupa, hivyo anaitunza mpaka atakapopita tena. Kuna siku alifika kwenye gesti moja amebeba kandambili za gesti nyingine kadhaa, zote za mguu wa kushoto, na mwenye gesti akamtazama miguu kwanza kabla ya kumpa ufunguo.

Tena kuna yule mama wa usafi aliyegonga asubuhi akidhani Fundi ameshatoka, kumbe alikuwa bafuni. Aliona blanketi limevimba katikati ya kitanda, akajua mgeni amepitiwa na usingizi, akasema kwa adabu, "Samahani kaka, nitarudi." Kilichojibu kutoka chini ya blanketi hakikuwa kaka. Yule mama aliwaeleza wenzake kwamba mgeni wa chumba namba tatu usiku anakuwa mtu na mchana anakuwa kitu kingine, na Fundi akaheshimiwa pale kwa namna ambayo mpaka leo haielewi.

Haya yote mimi nilikuwa nayacheka. Mbwa akibeba jina langu huko gesti, alibebe, mimi sina hasara. Nilikuwa na pilikapilika zangu. Mimi nachonga funguo, nina kibanda changu chenye mashine na ukuta wa funguo mbichi ambazo hazijachongwa, na vidole vyangu vinanuka shaba hata nikivisugua na limau. Siku moja akaja dada mmoja kutoka duka la dawa kuchongesha ufunguo wa kabati la dawa kali. Akarudi kesho yake akasema ufunguo unagoma. Haukuwa unagoma, niliujaribu mwenyewe mbele yake. Akarudi tena keshokutwa yake. Ndipo kichwa changu kizito kikafunguka, nikaacha kujaribu funguo nikaanza kumwuliza habari zake.

Tukafikia mahali pa kutaka kuoana. Wazazi wake hawapo tena, aliyemlea ni shangazi yake, na neno la shangazi ndilo la mwisho. Akisema ndiyo, ndoa ipo. Akisema hapana, nirudi kwenye kibanda changu nikachonge funguo za nyumba za watu wengine. Mchumba aliniambia kabisa, "Shangazi hana haraka na hana mchezo. Atataka kuuliza watu kuhusu wewe. Nimpe namba ya nani?" Nikafikiria mtu mzima, mkweli, anayenijua. Nikampa namba ya Fundi. Kisha nikasahau kumwambia Fundi, maana nilidhani nina muda.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki: siku hiyohiyo Fundi alikuwa anatafuta chumba kwenye mji uleule anakokaa shangazi. Kulikuwa na karakana ya sare za shule iliyokuwa na cherehani zimekaa tu zimekufa. Gesti zote alizopiga zilimkatalia, isipokuwa moja, ambako dada wa mapokezi alimwambia asubiri, mwenyewe atampigia. Na kingine ambacho sikukijua, na hiki mchumba wangu nilimlaumu baadaye, ni kwamba shangazi yake ana gesti. Tena pale mjini hawamwiti kwa jina, wanamwita Mama Gesti.

Simu ilimkuta Fundi chini ya cherehani. Aliiweka kifuani, akaongeza sauti, akaendelea kukaza skrubu.

"Naongea na fundi wa cherehani?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mimi nina gesti hapa karibu na stendi. Wananiita Mama Gesti."

"Ahaa. Nilikuwa naisubiri simu yako."

"Kumbe umeshaambiwa, vizuri. Nataka nikuulize habari za shemeji yako, kabla hatujampokea."

"Uliza chochote, mama. Sina la kuficha."

"Tabia yake ikoje?"

"Mpole. Hana ugomvi na mtu, isipokuwa mtu akivaa kofia. Sijui mtu wa kofia alimfanya nini, ila akimwona tu anamrukia."

Mama Gesti akahamia swali jingine. "Anajishughulisha na nini?"

"Hana shughuli, mama. Anakula, analala. Hapa mimi nafanya kazi, yeye yuko pembeni yangu, miguu juu."

"Amelala? Saa hizi za mchana?"

"Anakoroma. Ngoja nikusogezee simu."

Akamsogezea. Shangazi wa mchumba wangu, mama mtu mzima, akasikilizishwa mkoromo.

"Anakunywa?" akauliza baada ya hapo.

"Sana. Joto likizidi anakunywa mpaka tumbo linacheza. Usiache ndoo ya kuogea wazi, ataimaliza hiyohiyo."

"Na kuoga?"

"Kwa kukamatwa."

"Na wanawake, baba? Nisamehe, ila lazima niulize."

"Uliza tu. Zamani alitusumbua. Alikuwa anatoroka, anapotea siku mbili tatu, anarudi na vidonda. Watoto wake wamejaa mtaani kwetu, unawatambua kwa masikio. Lakini tulimpeleka kwa daktari, akakatwa. Tangu siku ile ametulia, hata wapite mbele yake hageuzi shingo."

"Akakatwa," alisema Mama Gesti polepole. "Kwa ridhaa yake?"

"Hakuulizwa, mama. Tulimfunga mdomo, mke wangu akamshika miguu."

Hapa mtu mwingine angekata simu. Mama Gesti hakukata, na kwa hilo namheshimu. Aliuliza shemeji huyo anakaa wapi, akajibiwa kwamba nyumbani mke alishamchoka, ndiyo maana Fundi anazunguka naye. Kisha Fundi, akiona chumba kinataka kumponyoka, akaamua kumsaidia kuamua.

"Ukimpokea hutajuta, mama. Akikosea, mchape gazeti puani, mara moja tu. Hanuni."

"Nimekusikia, baba. Asante kwa ukweli wako," akasema Mama Gesti, na simu ikakatika.

Jioni Fundi alinipigia kwa furaha. "Shemeji, leo nimepata mwenye gesti wa maana. Kauliza maswali ya akili mpaka nikashangaa. Hajawahi mtu kumjali Shemeji namna ile." Nikamwambia hongera. Nilisema hongera, kwa mdomo wangu huu.

Mchumba akanipigia kesho yake nikiwa katikati ya kuchonga ufunguo wa watu.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza.

"Kukuambia nini?"

"Habari ya daktari."

"Daktari gani?"

"Aliyekukata."

Nikazima mashine. "Amenikata nini?"

"Shangazi kashindwa hata kutamka. Anasema huwezi kunipa mtoto, na hata ungeweza tayari unao mtaa mzima, wana masikio kama yako."

Nikajishika masikio. Sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe.

"Nani kamwambia hayo?"

"Shemeji yako. Kwa mdomo wake. Shangazi anasema alimsikia ni mtu mkweli, na hata hakukusema vibaya. Anasema alikusema kwa upendo."

Pale ndipo nilipoikumbuka ile simu ya Fundi ya jana jioni na hongera yangu. Nilimweleza mchumba mambo ya mbwa, akanisikiliza, akaanza kucheka huku bado analia, na mimi nikataka kulia huku bado sijaanza kucheka. Alikuwa ananiamini. Lakini shangazi alikuwa ameshasema hapana, na shangazi hana tabia ya kutengua. "Mpigie mwenyewe," akaniambia. "Mimi ataona nakutetea."

Nikampigia.

"Kijana," akasema kabla sijamaliza salamu, "mimi sina chuki na wewe. Binadamu tunapatwa na mengi. Lakini mtoto wa kaka yangu hawezi kuolewa na mtu anayekunywa ndoo ya kuogea."

"Shikamoo mama, naomba nieleze. Yule aliyekuwa anasemwa na Fundi, yule ni mbwa."

"Marahaba. Kumbe na matusi unayo."

"Simtukani mtu, mama. Shemeji ni mbwa."

"Mtu aliyekuhifadhi nyumbani kwake, leo unamwita mbwa," akasema, na akakata simu. Sikuwahi kukasirikia lugha yangu mwenyewe kama siku ile. Watu tumejaliwa maneno mengi hivi, na bado mbwa anasemwa 'anakoroma' na mtu anasemwa 'anakoroma', mbwa 'akakatwa' na mtu 'akakatwa', huwezi kujua ni nani hasa.

Dawa ilikuwa moja tu, kumpelekea mbwa akamwone kwa macho. Nilifunga kibanda, nikamfuata Fundi kwake, nikamweleza yote. Alikuwa anasugua sindano kwa kitambaa. Alisikiliza, akaweka sindano chini, kipara kikajaa jasho.

"Kila nilichosema ni kweli," akasema.

"Najua."

"Lakini ya mbwa."

"Najua, shemeji," nikasema, na mbwa akaja mbio akiteleza, akakaa miguuni pangu akisubiri kula.

Tukasafiri watatu kwenye pikapu. Mimi dirishani, Fundi kwenye usukani, mwenye jina katikati, ameegemea bega langu na kunihemea shingoni njia nzima. Nilikuwa nimevaa shati langu la maana. Tulipofika lilikuwa limeloa upande mmoja.

Gesti ya shangazi ni nyumba ndefu yenye veranda, mapokezi ni meza nyuma ya dirisha la nondo, na funguo zimetundikwa kwenye misumari, kila mmoja na kibao chake cha namba. Kwa mazoea ya kazi nikazikagua. Tatu zilichongwa vibaya, lakini haikuwa siku ya kusema hivyo. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha veranda, mama mnene mtulivu, miwani imening'inia kwa kamba. Hakusimama. Alitutazama wote watatu kwa zamu, akaanzia masikio yangu.

"Shikamoo mama," tukasema mimi na Fundi.

"Marahaba. Shemeji ni yupi?"

Fundi akasema, "Shemeji, sogea." Tukasogea wawili.

Shangazi akavaa miwani. Halafu akaanza kazi, kwa utulivu kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Anayekoroma mchana? Fundi akaonyesha mbwa. Ndoo ya kuogea? Mbwa. Wa kofia? Mbwa. Daktari? Fundi akamgeuza mbwa kidogo, akamwonyesha kovu, na shangazi akaangalia kwingine akasema imetosha. Kila swali lilipojibiwa alimtazama mbwa, kisha mimi, na nikaona wazi kwamba mzigo unatoka kichwani kwangu unahamia kichwani kwa mwenzangu, ambaye wala hakuwa na habari, alikuwa anajikuna.

Nilidhani yamekwisha. Nikaanza hata kutabasamu.

"Basi huyo wa miguu minne nimemjua," akasema shangazi. "Kumbe huyu wa miguu miwili sijaambiwa kitu. Baba, wewe ni mkweli, nimeshaona. Niambie na huyu."

Tabasamu likanikauka. Hapa ndipo mambo yalipokuwa ya kufa na kupona, maana mbwa hakuwepo tena wa kumsingizia, na Fundi alikuwa anavuta pumzi ya kujibu swali mpaka mizizi yake.

"Huyu ana hasira za karibu," akaanza. "Kitu kidogo anavimba. Akinuna huwezi kumsemesha siku mbili. Anakula, mama, hilo nisikufiche, alipokuwa kwangu sufuria lilikuwa linatoka jikoni likiogopa. Na akiosha vyombo anavunja."

Nilitazama chini. Nilimchukia kwa dhati wakati ule, nikamwazia mabaya yeye na cherehani zake zote.

"Kazi yake ni kuchonga funguo," Fundi akaendelea. "Mimi nasafiri sana. Mke wangu anaingia zamu za hospitali. Nikiondoka namwachia huyu ufunguo wa nyumba, aende kuwatazama watoto wetu, awape chakula, akague mlango. Angeweza kujichongea wake, ni kazi ya dakika chache, mashine ni yake na ufunguo uko mkononi mwake. Hajajichongea. Nikirudi ananirudishia uleule, na kesho yake akija kwangu anapiga hodi, anasubiri nje kama mgeni. Sijawahi kumwambia afanye hivyo."

Akafikiri kama kuna kilichobaki. "Ni hayo tu," akasema.

Sikuwahi kujua kwamba aliliona jambo lile. Mimi mwenyewe sikuwahi kulifikiria. Nikajifanya nakuna shingo palipoloa mate ya mbwa.

Shangazi akavua miwani, akaipangusa kwa kanga, akaita kwenye dirisha la nondo. Dada wa mapokezi akatokeza kichwa.

"Mpe Fundi chumba namba saba. Mbwa alale humohumo, lakini kitandani asipande."

"Na huyu kaka mwingine nimpe kipi? Namba nane iko wazi."

"Huyo hapewi chumba," akasema shangazi. "Tangu lini mkwe akalazwa gesti? Chukua begi lake upeleke nyumbani kwangu, na huko jikoni waambie waongeze sahani. Kubwa."

Nilisimama palepale. Dada wa mapokezi alipita na begi langu, akanisukuma kidogo nimpishe, nikampisha. Shangazi alikuwa ameshageukia mambo ya cherehani, anamweleza Fundi kwamba hata yeye anayo moja ndani inayokata uzi.

Nilipokuwa namfuata yule dada barabarani nilimpigia mchumba wangu. "Kaniita mkwe," nikamwambia. "Shangazi yako, kwa mdomo wake, mbele za watu. Kasema mkwe."

Akaniuliza swali moja tu.

"Una hakika alikuwa anakusema wewe?"

Niligeuka nyuma kutazama. Mbwa alikuwa ameshaingia namba saba.